MAISHA YA GREDA
Jinsi Mitambo ya Barabara za Kaunti Ipaswavyo Kutunzwa

Mtu akaaye Nyaramba, kaskazini mwa Kaunti ya Nyamira, hana haja ya kufundishwa thamani ya barabara. Nchi ya Wagusii ni nchi ya vilima na mabonde. Udongo wake ni mwekundu wenye rutuba, na mvua yake ni nyingi: kwa kawaida hupita milimita 1,200 kwa mwaka, na mahali pengine hukaribia 2,000. Mvua hiyo ndiyo iletayo chai, ndizi na majani ya ng'ombe. Na mvua hiyo hiyo ndiyo iharibuyo njia. Majani mabichi ya chai yachumwapo yataka kufika kiwandani siku ile ile. Yakikwama njiani hupata joto na kubadilika rangi, na jasho la mkulima limepotea. Wala mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja mpaka matope yakauke.

Kwa hiyo si ajabu kwamba watu wakutanapo barazani huuliza: "Kaunti ina greda, mbona barabara yetu haijaguswa?" Ni swali la haki, na lastahili jibu kamili. Mara nyingi, si Kenya tu bali katika nchi nyingi, shida si kwamba mtambo haupo. Mtambo upo, lakini umesimama. Umesimama kwa kukosa kipuri, au dizeli, au dereva aliyefundishwa, au kwa sababu fedha za kuununua zilipatikana na fedha za kuutunza hazikufikiriwa. Makala haya yaeleza kazi ya kutunza mitambo hiyo, ili kila mlipa kodi ajue la kuuliza, na ajue jibu zuri lifananavyo.

NANI MWENYE BARABARA?

Kwanza yafaa tujue barabara ni za nani, maana mambo haya yamebadilika mara nyingi. Mabaraza ya wenyeji yalianzishwa Kenya kwa sheria ya mwaka 1924, na mwaka 1950 sheria nyingine ikayafanya kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika. Baada ya Uhuru mwaka 1963, mabaraza ya kaunti yalikuwa na kazi ya barabara, shule na afya. Lakini mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuziondoa kazi hizo tatu kwao na kuzitia mikononi mwa Serikali Kuu, na kuanzia mwaka 1970 mambo yakawa hivyo. Miji mikubwa michache tu ndiyo iliyoachiwa.

Katiba ya mwaka 2010 ilirudisha sehemu ya kazi hiyo mashinani. Katika Nyongeza yake ya Nne imeandikwa kwamba barabara za kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti. Serikali hizo zilianza baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Mwaka 2016 barabara ziligawanywa rasmi katika gazeti la Serikali: zile za taifa zilihesabiwa kilomita 39,995, na zile za kaunti kilomita 121,456. Maana yake ni kwamba katika kila kilomita nne za barabara za Kenya, karibu tatu ni za kaunti. Na nyingi ya hizo ni za udongo au za murramu, ambazo haziwezi kukaa bila greda.

Hebu tufikiri basi. Kazi iliyoondoka mikononi mwa mabaraza mwaka 1970 ilirudi baada ya miaka zaidi ya 40. Katika muda huo desturi ya kuendesha yadi ya mitambo, kuweka madaftari yake na kufundisha mafundi wake ilikuwa katika wizara, wala si katika mabaraza. Kwa hiyo kaunti zilipoanza zilihitaji kujifunza upya kazi ambayo ni ngumu kuliko ionekanavyo.

MITAMBO YENYEWE

Barabara haitengenezwi na mtambo mmoja. Mitambo hufanya kazi kama kundi la watu wavunao pamoja: mmoja akikosekana, wengine hukaa bure.

Tingatinga la minyororo hufungua njia mpya na kusukuma udongo. Mtambo wa kuchimba, wenye mkono mrefu na ndoo, hutoa murramu mlimani na kuchimba mitaro. Mtambo wa kupakia hujaza malori ya tipa. Greda, yenye kisu kirefu katikati ya tumbo lake, hukata, husawazisha na kuipa barabara umbo. Lori la maji hunyunyiza, na rola hushindilia.

Watu wengi hudhani kazi ya greda ni kulainisha tu njia. Sivyo. Kazi yake kubwa ni kuipa barabara mgongo, ili maji yasikae juu yake. Katika barabara nzuri ya murramu, kila mita moja kutoka katikati kwenda kando, uso hushuka kama sentimita 5. Maji hutiririka mpaka mtaroni, na mtaro huyapeleka mbali. Barabara isiyo na mgongo huwa bwawa, na gari la kwanza lipitalo hukoroga bwawa hilo likawa matope.

Tena greda peke yake haitoshi. Ikiwa imepita bila rola kuifuata, udongo uliolegezwa huchukuliwa na mvua ya kwanza. Ndipo watu husema, "Walikuja wiki jana, na leo ni mbaya kuliko mwanzo." Husema kweli. Kosa hapo si la dereva wa greda. Kosa ni la kupeleka mtambo mmoja mahali palipotakiwa mitatu.

MTAMBO HUHESABIWA KWA SAA

Gari la kawaida huhesabiwa kwa kilomita, bali mtambo huhesabiwa kwa saa. Karibu na kiti cha dereva kuna saa ndogo ihesabuyo muda wote ambao injini imekuwa ikinguruma. Saa hiyo ndiyo kalenda ya maisha ya mtambo. Kila mtengenezaji huandika katika kitabu chake kazi ipasayo kufanywa kila saa kadhaa zikitimia, na kwa mitambo mingi utaratibu hufanana na huu:

Kila siku kabla ya kuwasha: dereva hupima oili na maji ya rejeta, huondoa maji yaliyotulia chini ya chujio la dizeli, hutia grisi mahali panapozunguka, hutazama mipira na magurudumu, na huangalia chini kama kuna mafuta yaliyodondoka usiku.

Kila saa 250: oili ya injini na chujio lake hubadilishwa.

Kila saa 500: machujio ya dizeli hubadilishwa, na mikanda hukaguliwa.

Kila saa 1,000: oili ya giaboksi hubadilishwa.

Kila saa 2,000: mafuta yasukumayo mikono na visu vya mtambo hubadilishwa yote, na injini hukaguliwa kwa undani.

Chujio la hewa halingoji hesabu. Wakati wa vumbi la Januari na Februari lafaa kutazamwa kila siku, maana vumbi likiingia ndani ya injini hulisaga kila kitu kama jiwe la kusagia nafaka.

Mtu akitazama orodha hii ataona kwamba kazi nyingi ni ndogo. Grisi, oili na machujio si vitu vya bei kubwa vikilinganishwa na injini. Lakini ndipo penye hatari, maana jambo dogo huahirishwa kwa urahisi. Chujio lisiponunuliwa mwezi huu kwa sababu karatasi ya malipo haijatiwa sahihi, greda huendelea kufanya kazi, na hakuna aonaye tofauti. Mwezi wa pili, vivyo hivyo. Mwezi wa tano injini hufa, na sasa yatakiwa fedha za kununua injini nzima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa mitambo ya minyororo liko jambo la zaidi. Sehemu yake ya chini, yaani minyororo, pini na magurudumu yake, yaweza kula karibu nusu ya fedha zote za matengenezo katika maisha ya mtambo. Kwa hiyo tingatinga halipaswi kutembezwa kilomita nyingi kwa miguu yake kutoka soko hata soko. Sharti libebwe juu ya trela. Kaunti inunuayo tingatinga bila kuwa na trela la kulibeba ni kama mtu anunuaye viatu vizuri kisha akavitembeza juu ya mawe siku nzima.

FUNZO LA KONGWA

Katika Afrika Mashariki uko mfano mmoja ambao kila msimamizi wa mitambo hupaswa kuujua. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, na mahali pa kwanza palikuwa Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Vita vilikuwa vimekwisha karibuni, na matrekta mapya yalikuwa adimu. Kwa hiyo yalinunuliwa matrekta yaliyokwisha kutumika vitani, na mengine yakatengenezwa kutokana na vifaru.

Matrekta yalifika, lakini vipuri havikutosha, na karakana haikuwa tayari. Madereva wengi walikuwa hawajapata mafunzo ya kutosha. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali, ukala majembe ya chuma. Kabla mwaka 1947 haujaisha, karibu theluthi mbili ya matrekta yalikuwa mabovu. Mradi ulifungwa mwaka 1951, baada ya hasara ya pauni zaidi ya milioni 35.

Liko la kukumbukwa hapa. Mradi ule haukukosa fedha, wala haukukosa wakuu wenye elimu. Ulikosa mpango wa kazi baada ya mashine kushuka melini. Na funzo hilo halijapita na wakati. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kukodi vifaa vya tiba kwa ajili ya hospitali mbili katika kila kaunti. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilitoa taarifa mwaka 2020, ikaonyesha kwamba katika baadhi ya hospitali vifaa vilikaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Trekta la mwaka 1947 na kifaa cha hospitali cha mwaka 2015 si kitu kimoja, lakini ugonjwa uliovipata ni mmoja.

HESABU YA FEDHA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo husahauliwa kuliko yote, nalo ni fedha ya kununua mtambo mwingine.

Tutoe mfano. Hizi si bei za mtambo wa kaunti yoyote. Ni hesabu ya kufundishia tu. Tuseme greda imenunuliwa kwa shilingi 36,000,000, na yatazamiwa kufanya kazi saa 12,000 kabla haijachakaa. Ukigawa, utaona kwamba kila saa moja ya kazi hula shilingi 3,000 za greda yenyewe. Fedha hizo hazionekani, maana hakuna azilipaye siku ile. Lakini zimeliwa, kama vile nguo huchakaa kila ivaliwapo. Greda ikifanya kazi saa 1,000 kwa mwaka, kaunti imekula shilingi 3,000,000 za greda kila mwaka, na baada ya miaka 12 imebaki na chuma.

Msimamizi mwenye busara huanzisha mfuko wa mitambo. Kila idara itumiapo greda hutozwa kwa saa: kiasi fulani cha dizeli, kiasi cha mshahara wa dereva, kiasi cha matengenezo, na kile cha shilingi 3,000 cha kuchakaa. Fedha hizo huingia katika mfuko, wala hazitumiwi kwa kazi nyingine. Mtambo ufikapo mwisho wa maisha yake, fedha za kununua mwingine zipo, au sehemu kubwa ipo. Bila mfuko huo, kila mtambo mpya hutegemea bahati: mwaka wa bajeti nzuri hununuliwa, mwaka mbaya hakuna. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba sharti kiwe na kitako.

Fedha za barabara zenyewe hutoka mahali mbalimbali, na moja ya njia kubwa ni tozo ya mafuta. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, na kila anunuaye petroli au dizeli huilipa, hata yule apandaye bodaboda, maana nauli yake imeibeba. Mwaka 2016 ilifikia shilingi 18 kwa lita, na Julai 2024 ikapandishwa hadi 25. Kwa miaka kadhaa baada ya 2013 kaunti zilipewa fungu la tozo hiyo. Kisha mabishano yakazuka, na tangu mwaka 2024 magavana na wabunge wa Bunge la Taifa wakavutana juu ya shilingi bilioni 10.5: je, zitumiwe na kaunti au na mashirika ya barabara ya taifa? Hatusemi hapa nani ana haki. Twasema tu kwamba fedha zikichelewa, kitu cha kwanza kukatwa huwa ni grisi na machujio, kwa kuwa havipigi kelele.

KUNUNUA AU KUKODI?

Wengine husema, "Kwa nini kaunti inunue mitambo? Na ikodi kwa wenye makampuni." Wengine husema kukodi ni kutupa fedha. Kila upande una neno lake, na jibu lapatikana kwa hesabu ya saa.

Mtambo utakaofanya kazi karibu kila siku ya mwaka, kama greda, waweza kufaa kununuliwa. Mtambo utakaotumika wiki chache tu kwa mwaka, kama ule wa kuvunja mwamba, wafaa kukodiwa, maana mtambo uliosimama bado huchakaa: mipira hukauka, betri hufa, kutu huingia. Akodiye hulipa saa za kazi tu. Lakini akodiye sharti ajue kupima kazi. Akilipa kwa siku, huenda akalipia siku ambazo mtambo ulilala chini ya mti. Afadhali kulipa kwa saa iliyosomwa katika saa ya mtambo, au kwa kilomita iliyokwisha kukaguliwa.

Tena, anunuaye asinunue aina tano za greda kutoka kwa watengenezaji watano. Kila aina yataka vipuri vyake, vitabu vyake na fundi aliyeizoea. Greda tatu za aina moja zaweza kutumia stoo moja ya vipuri. Greda tatu za aina tatu zataka stoo tatu. Hii ndiyo sababu bei ya chini kabisa katika zabuni haiwi kila mara ndiyo rahisi. Apimaye zabuni apaswa kuuliza pia: vipuri vyapatikana wapi, Kisumu, Nairobi au ng'ambo? Baada ya siku ngapi?

WATU WA YADI

Mtambo mzuri ukiwekwa mikononi mwa mtu asiyefundishwa ni kama mbegu nzuri juu ya mwamba. Watu wanne ndio nguzo za yadi.

Wa kwanza ni dereva. Yeye ndiye mganga wa kwanza wa mtambo, maana husikia sauti yake kila siku. Dereva mwema akisikia mlio mgeni husimama na kutoa habari. Lakini atafanya hivyo tu ikiwa anajua kwamba hatakemewa kwa kusimamisha kazi. Mahali dereva anapoadhibiwa kwa kutoa habari mbaya, habari mbaya hufichwa mpaka mtambo unapovunjika.

Wa pili ni fundi. Yeye ahitaji karakana yenye sakafu safi, vyombo vyake kamili, na mahali pakavu, hasa katika nchi ya mvua. Mafuta ya mitambo yakiingiwa na mchanga au maji, pampu ya shilingi nyingi huharibika kwa ajili ya kijiko kimoja cha uchafu.

Wa tatu ni karani wa stoo. Lazima ajue ni machujio mangapi yamebaki, na kuagiza kabla hayajaisha. Mtambo wa mamilioni waweza kusimama wiki tatu kwa kukosa mpira wa bei ya kuku mmoja.

Wa nne ni mwandishi wa hesabu za mitambo. Kila jioni husoma daftari la kila mtambo: umefanya saa ngapi, umetumia lita ngapi, umefanya kilomita ngapi, na wapi. Kazi hii huonekana ndogo, lakini ndiyo macho ya yadi. Greda kwa kazi ya kadiri hutumia lita kama 15 hadi 20 za dizeli kwa saa. Daftari likionyesha lita 40 kwa saa, basi ama injini ni mgonjwa, ama dizeli imekwenda njia nyingine. Siku hizi kuna vyombo vya setilaiti vinavyoonyesha mtambo ulipo na kama injini yake inawaka. Ni msaada mkubwa, lakini chombo hakimkemei mwizi. Sharti awepo mtu wa kusoma na mtu wa kuchukua hatua.

Daftari hilo hilo humpa mkubwa wa yadi hesabu mbili za kumwongoza. Tuseme mwezi una siku 22 za kazi za saa 8, yaani saa 176. Ikiwa greda ilikuwa karakanani saa 44, basi ilikuwa tayari kwa kazi saa 132, yaani robo tatu ya muda. Hiyo ni hesabu ya utayari. Ikiwa katika saa hizo 132 ilifanya kazi saa 88 tu, basi matumizi yake ni nusu ya mwezi. Utayari mdogo waonyesha ugonjwa wa karakana. Utayari mkubwa wenye matumizi madogo waonyesha ugonjwa wa mipango: mtambo ni mzima, lakini dizeli haikuja, au wakubwa hawajaamua uende wapi. Magonjwa mawili, dawa mbili. Asiyeweka hesabu hataweza kuyatofautisha.

JEMBE NA TOROLI

Isidhaniwe kwamba kila kazi ya barabara yataka mtambo. Kenya yenyewe imeufundisha ulimwengu jambo hili. Mwaka 1974 ulianza mpango wa barabara za vijijini uliotumia watu wa mahali penyewe kwa jembe, sururu na toroli, na karibu kilomita 8,000 zilijengwa kwa njia hiyo. Baadaye mipango mingine ikafuata, na chuo cha mafunzo cha Kisii kikapata sifa hata wageni kutoka nchi nyingine za Afrika walikuja kujifunza huko jinsi ya kujenga barabara kwa nguvu za watu.

Katika utaratibu ule, mtu mmoja aliyekaa kando ya barabara alipewa kipande cha kilomita moja na nusu hadi mbili. Kazi yake ilikuwa kuzibua mitaro na makalvati, kukata majani, na kujaza mashimo yangali madogo. Kazi hiyo ya mikono huirefushia barabara maisha, na kumpunguzia greda safari. Mtaro ulioziba mwezi wa Machi ndio utakaoita greda mwezi wa Mei. Kwa hiyo jembe na greda si washindani. Ni ndugu wawili, na mdogo akifanya kazi yake mkubwa hupata nafasi ya kupumzika.

Katika hili mwananchi naye ana sehemu. Alimaye mpaka ukingoni mwa barabara, au azibaye mtaro ili apate njia ya kuingia shambani pasipo kalvati, huyapeleka maji katikati ya barabara. Shilingi za greda zitakazotumika kuitengeneza ni za watu wote, pamoja na zake.

MAMBO YA KUULIZA

Katiba, katika Kifungu cha 35, humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Na Kifungu cha 201 chataka mambo ya fedha za umma yawe wazi na wananchi washirikishwe. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua kila kaunti kila mwaka, na taarifa zake husomwa na yeyote apendaye. Basi siku ya mkutano wa bajeti, mtu wa Nyaramba asiulize tu, "Mtatuletea greda lini?" Swali hilo hujibiwa kwa ahadi. Aulize maswali yajibiwayo kwa daftari:

1. Kaunti ina mitambo mingapi, na leo mingapi ni mizima?

2. Kila mtambo umefanya kazi saa ngapi mwaka huu, na katika wadi zipi?

3. Katika bajeti, fedha za matengenezo ni ngapi, na zile za kununua mitambo mipya ni ngapi?

4. Je, uko mfuko wa kuweka akiba ya kununua mitambo mingine?

5. Mitambo iliyokufa itauzwa lini kwa mnada? Sheria ya mwaka 2015 ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma imeweka utaratibu wake. Chuma kilichoachwa kwenye majani hushuka thamani kila msimu wa mvua.

6. Orodha ya barabara zitakazotengenezwa mwaka huu iko wapi, na ni nani aliyeipanga?

Swali la mwisho lina uzito wa pekee. Greda isiyo na orodha huenda kwa mwenye sauti kubwa. Orodha ikibandikwa ukutani kabla ya mvua, hata yule ambaye barabara yake ni ya mwisho hujua zamu yake, na dereva huwa na jibu la kumpa kila amwitaye kando ya njia.

Wala majibu hayo yasiogopwe na maofisa. Msimamizi mwaminifu atayafurahia maswali hayo, maana ndiyo silaha yake atakapokwenda Bunge la Kaunti kuomba fedha za machujio na grisi. Ni vigumu kuomba fedha za kitu kisichoonekana. Siku ya kuzindua greda mpya kuna hotuba na picha. Siku ya kubadilisha oili hakuna apigaye ngoma. Lakini greda ambayo oili yake ilibadilishwa kwa wakati, mara 48 katika saa zake 12,000, ndiyo itakayokuwa njiani wakati mvua ya masika itakapokwisha, na gari la chai likapita Nyaramba na kufika kiwandani kabla ya jua kuchwa.